Waliomgombania Tunu

Nchi ya Pekeangu haina ombaomba, na barabara zake hufagiliwa kila asubuhi na watu wanaojivunia kipande chao cha barabara kuliko wanavyojivunia watoto wao. Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani nilikwenda kule kutafuta ubaya. Nilikwenda kutafuta tiba. Mdogo wangu, Mbaruku, anasikia sauti tangu alipokuwa chuoni. Hospitali waliuita ugonjwa huo skizofrenia. Mtaani wakauita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Mama yetu hakuuita jina lolote. Alikuwa akifunga dirisha tu kila Mbaruku alipoanza kuwajibu watu wasioonekana. Nikasikia kwamba huko Pekeangu watu wa namna hiyo hutibiwa mpaka wakarudi kazini. Basi nikaenda nikaone mwenyewe.

Kinachomshangaza mgeni kwanza ni jinsi kila kitu kilivyo na mwenyewe. Kisima kina mwenyewe, kivuli cha ukuta kina mwenyewe, na wimbo ukiimbwa harusini, aliyeutunga husimama pembeni kuhakikisha hakuna anayeufuatisha kwa sauti. Wivu kule hauonewi aibu. Ni wajibu wa raia. Mtoto asiyelia mwenzake anapochukua kalamu yake huitiwa mzazi shuleni. Niliiona Wizara ya Wivu kwa nje: jengo jeupe lenye bustani ambayo wapita njia wamekatazwa kuitazama.

Watu wenye ugonjwa wa Mbaruku wao huwaita wasikivu, na hawawacheki. Hilo peke yake lilinichoma. Kisha nikaelezwa kwamba nchi ina Nyumba tatu za kuwatibu. Nyumba ya Dawa hutoa vidonge na sindano. Katika Nyumba ya Maneno, msikivu hukaa na mtu aliyesomea kusikiliza, wakazungumza juu ya sauti zile na hofu zile, akafundishwa namna ya kuishi nazo bila kuzitii. Na Nyumba ya Jamaa huwafundisha ndugu namna ya kukaa na mgonjwa, humtafutia kazi inayomfaa, humkutanisha na wenziwe. Zote tatu ni bure. Nilipoambiwa kwamba ni bure, nilimwomba aliyenieleza arudie.

Ila sheria yao ni moja. Msikivu hukabidhiwa Nyumba moja tu, kama mke anavyoolewa na mume mmoja. Akionekana katika Nyumba nyingine amefanya kosa liitwalo usaliti wa tiba. Mlangoni pa Nyumba ya Maneno niliwaona walinzi wakiwanusa watu vinywa, wakitafuta harufu ya vidonge.

Nilimwendea afisa mmoja wa Wizara, mtu mpole mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, nikamuuliza kwa nini mgonjwa asipewe zote tatu.

"Akipona," alinijibu, "tutajuaje ni nani aliyemponya?"

"Kwani ni lazima kujua?"

Alinitazama kwa huruma. "Bibie, mtu asiyejulikana kaponywa na nani, kisheria bado hajapona."

Wizara ilinipangia kukaa kwa Makame, fundi wa makufuli. Ni kazi isiyokosa wateja katika nchi ile. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye vidole vya kuvutia, na alimpenda mkewe kwa namna ambayo kila mtu aliiona na yeye mwenyewe hakujaribu kuificha. Mkewe alikuwa Tunu. Tunu alikuwa mshonaji wa kofia, zile za kudarizi kwa mkono zenye vitobo vidogo mpaka unajiuliza sindano ilipitaje. Lakini nilipofika alikuwa hashoni tena. Alikuwa msikivu wa Nyumba ya Dawa.

"Sauti zilikuwa zinapiga kelele," aliniambia tulipozoeana, tukiwa tunachambua mchele uani. "Sasa zinanong'ona. Hilo nawashukuru. Ila tazama." Alinyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi. "Mdomo unakauka. Nalala mchana kama paka. Nimenenepa, Makame anasema napendeza, lakini sindano siwezi kushika."

"Daktari umemwambia?"

"Daktari Shekue? Nilimwambia. Akasema watu wa Nyumba ya Maneno ndio wanaoeneza habari kwamba dawa zinatetemesha mikono, akaniuliza nimewaona wapi."

Aliangalia mlangoni, kisha akaniambia jambo ambalo angeweza kufungwa kwa kulisema. Alikuwa akienda kwa siri kwa Bi Mwaka wa Nyumba ya Maneno. Hawakukutana kwenye Nyumba, walikutana dukani kwa muuza nyuzi, nyuma ya marobota ya vitambaa. Na alikuwa amejiunga na wanawake washonaji wa Nyumba ya Jamaa, walio chini ya Mzee Kitwana, kwa jina la dada yake. Kofia hakuweza, lakini walimpa mapindo ya mashuka, kushona kwa hatua kubwa, na hapo mikono yake ilitosha.

"Bi Mwaka amenifundisha kitu," alisema. "Ile sauti ikija, siibishii wala siitii. Naiambia, nimekusikia, nina kazi. Naendelea na kazi."

"Inakubali?"

"Siku nyingine inakubali. Siku nyingine inanitukana mpaka jioni." Akacheka.

Nilimtazama akicheka nikamwonea wivu. Si kwamba alikuwa na furaha kubwa kiasi hicho. Nilimwonea wivu kwa ajili ya Mbaruku, ambaye hana daktari wa kumkasirikia, hana Bi Mwaka, na washonaji hana. Nilichagua mawe mchelini, nikawa natupa na chenga nzuri bila kuona.

Siri yake niliitunza. Aliyemfichua ni kicheko chake mwenyewe.

Makame alikuwa amezoea mke anayelala mchana. Sasa akawa na mke anayemaliza shuka, anayeimba jikoni, anayesimulia jambo mezani na kucheka kabla hajalimaliza. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Makame alianza kuhesabu mambo yaliyomchekesha mkewe ambayo hayakutoka kwake. Alimfuata siku moja mpaka duka la nyuzi. Aliporudi alisubiri tumalize kula, kisha akasema mbele yangu, maana nyumba yao ilikuwa ndogo na hakuna pa kwenda:

"Unamwambia nini yule mwanamke?"

Tunu hakukana. "Mambo ya zile sauti."

"Mimi hukuniambia hata siku moja."

"Wewe ukisikia unaumia, Makame. Halafu inabidi nikubembeleze wewe. Mimi ninayezisikia nabaki kukufuta machozi."

Makame alisukuma sahani yake kando. Kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa amekaa nalo kwa miaka. "Hizo sauti. Ni za wanawake au za wanaume?"

"Mbili za wanawake."

"Na nyingine?"

"Moja ya mwanamume."

"Anasema nini?"

"Makame, jamani."

"Anakwambia nini, nimekuuliza!"

"Ananiambia nife!" alisema Tunu. "Umeridhika? Hanitongozi. Ananiambia nife."

Sikupata kumwona mtu akiaibika namna ile. Lakini aibu haikumtoa wivu. Iliusukuma ndani zaidi. Kesho yake Makame alikwenda Wizarani. Baadaye aliniambia kwamba njia nzima alijiambia anakwenda kumlinda mkewe asichanganyiwe tiba. Alishtaki kwamba Tunu, aliye wake na wa Nyumba ya Dawa, alikuwa akitembea na Nyumba mbili nyingine.

Baraza la Wizara lilikaa katika ukumbi wenye viti vilivyoandikwa majina, kwa hiyo wageni husimama. Nilisimama. Nilitegemea kumwona Tunu akihukumiwa, lakini Nyumba hazikuwa na haja ya kumwadhibu. Zilikuwa zinamtaka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba msikivu huyu alikuwa amepata nafuu kuliko wengi, na kila Nyumba ilitaka nafuu hiyo iandikwe kwa jina lake.

Daktari Shekue alisimama kwanza. Alikuwa mtu msomi, nadhifu, na alisema ukweli mtupu. "Bila vidonge vyangu huyu mama asingeweza kukaa kitako akasikiliza neno la mtu. Nani aliyezishusha zile sauti? Naudai usingizi wake, na utulivu wake."

Bi Mwaka alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Naye alisema ukweli. "Kutulia si kupona. Alikuwa ametulia kama gogo. Aliyemwondolea hofu ni mimi. Kicheko chake ni changu."

"Kacheka na nani?" alisema Mzee Kitwana wa Nyumba ya Jamaa, bila kusimama. "Kacheka na wanawake wangu, wakishona. Mtu hapati nafuu chumbani peke yake. Mikono yake naidai mimi."

Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu. Karani alikuwa akigawa: usingizi kwa Dawa, kicheko kwa Maneno, mikono kwa Jamaa. Hamu ya kula iligombaniwa na wote watatu mpaka mwamuzi akaigawa kwa milo: wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Tunu alikuwa amekaa mbele yao amejifunga leso yake ya maua ya manjano, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana ukuta wa pili.

"Na machozi?" aliuliza mwamuzi. "Ameyatoa mara kadhaa tangu asubuhi. Ni ya nani?"

Karani aliacha mstari mtupu daftarini.

Mimi niliyesimama nyuma nitasema nilichohisi, maana ndicho nilichokwenda nacho na ndicho kilichonitesa. Sikuona kwamba ni upuuzi. Niliwatazama watu watatu wenye akili zao wakigombania mgonjwa mmoja, nikawaza: kwetu tulimzungusha Mbaruku milango mingapi, kila mlango ukitusukumia kwingine. Nilitamani mtu, hata mmoja tu, asimame mahali popote apige meza na kusema huyu ni wangu.

Mwisho mwamuzi alitoa amri. Kwa kuwa mgonjwa anagombaniwa, na kwa kuwa katika Pekeangu kitu kinachogombaniwa hakiguswi na yeyote mpaka kesi iishe, tiba zote zisimame. Hakuna vidonge, hakuna mazungumzo, hakuna washonaji. Kesi ikaahirishwa.

Watu walipiga makofi. Ilionekana ni hukumu ya haki.

Mwanzoni Makame alifurahi, ingawa alijitahidi isionekane. Mke alikuwa nyumbani mchana kutwa, hana pa kwenda, hana wa kumsimulia ila yeye. Alimpikia. Alimletea nyuzi za rangi. "Sasa niambie mimi," alikuwa akimwambia. "Mimi nipo."

Naye Tunu alimwambia, kwa muda. Mikono iliacha kutetemeka, akashona ukingo wa kofia, ukanyooka vizuri, sote tukausifu. Kisha akaacha kulala. Akawa anazungukazunguka uani, midomo ikitembea. Ile mbinu ya Bi Mwaka aliishika kwa muda. Nilimsikia akisema "nimekusikia, nina kazi, nina kazi," haraka haraka, kama mtu anayesukuma mlango unaosukumwa na wengi upande wa pili. Alianza kufumua kofia kwa sababu uzi ulikuwa unapeleka habari zake nje. Alikataa chai niliyompa. Akaninong'oneza nisinywe na mimi.

Makame alikimbilia Nyumba ya Dawa, nami nikamfuata. Daktari Shekue alitupokea kwenye ngazi, hakutukaribisha ndani.

"Nilijua itakuwa hivi," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye maumivu. "Dawa hizi haziachwi ghafla. Kila daktari anajua."

"Basi nipe, Daktari."

"Nikikupa sasa nimevunja amri, na Nyumba yangu inatolewa kwenye kesi. Atabaki kwa Bi Mwaka. Unataka abaki kwa Bi Mwaka bila dawa?"

Bi Mwaka naye alituambia maneno hayohayo, akabadilisha majina tu.

Tuliporudi, Tunu hakuwepo uani. Alikuwa ameingia stoo, akajifungia kwa ndani kwa kufuli la Makame, lile alilolionyesha kwa wateja wote, ambalo halina fundi wa kulifungua kutoka upande wa pili. Ndani mlikuwa na gunia la mkaa na vibao. Hamkuwa na maji.

Makame aliita. Tunu alimjibu kwa upole wa kutisha kwamba mwanamume yule amemwambia asinywe chochote, na kwamba akitoka, Makame atakufa. "Nakulinda," alisema. "Nenda kazini."

Makame alichukua nyundo. Akaiinua, na Tunu alipiga ukelele ambao nausikia nikiandika. Akaishusha. Alikaa chini, mgongo ukiwa mlangoni. Mchana ulipita hivyo, na usiku, na asubuhi nyingine, naye Tunu hajagusa maji. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Hapo Makame akanigeukia.

"Dada Mwanahawa," aliniambia, "nenda kawaite."

"Yupi?"

"Wote."

"Ni kosa, Makame. Watakuchukua."

"Wanichukue."

Sijui kama ni maneno yangu yaliyowaleta au ni kwa sababu kila mmoja alisikia kwamba wenzake wanakuja, akaogopa kuachwa nyuma. Yawezekana ni wivu. Lakini walikuja, wote watatu, wakajazana kwenye ile njia nyembamba mbele ya stoo, watu ambao hawakuwahi kukaa chini ya paa moja ila Barazani.

Daktari Shekue alisema karibu na ufa wa mlango: "Tunu, ni Shekue. Mwili wako umekosa dawa ndiyo maana zile sauti zimekuwa kali. Si kosa lako. Nimekuja na sindano, nikikuchoma utapata usingizi. Na ile mikono, uliniambia, sikukusikiliza. Tutapunguza."

Bi Mwaka alipiga magoti. "Mwanangu, yule bwana anasema Makame atakufa ukitoka. Sikwambii unasikia uongo. Nakuuliza tu, mara ngapi ametabiri? Na Makame huyu hapa anakohoa."

Mzee Kitwana hakujua aseme nini. Alikuna kichwa. "Mama, wale wanawake wameniuliza uko wapi. Shuka lako hawajampa mtu."

Makame alisema mwisho. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye mlango. "Tunu, usiniambie lolote kama hutaki. Mwambie umtakaye. Toka tu unywe maji."

 Nilisikia ufunguo ukitafutwa, ukianguka, ukiokotwa. Kufuli likalia. Tunu alitoka akiwa mweusi wa mkaa mpaka kwenye kope, macho makubwa, midomo imepasuka.

"Nina kiu," alisema.

Nilikuwa nimeshika kikombe tangu alfajiri. Nilimpa. Alikunywa kidogo, akanitazama, akanywa chote.

Nyuma yangu walikuwa wameshaanza. "Alifungua nilipotaja sindano," alisema Daktari. "Alifungua kwa lile swali," alisema Bi Mwaka. "Alifungua aliposikia habari ya shuka lake, nilimsikia akitikisika," alisema Mzee Kitwana.

"Nyamazeni!" Makame alisema. Hakupaza sauti sana. "Mimi ni mumewe na sijui amefungua kwa neno la nani. Mtajua ninyi?"

Wakanyamaza. Naona hapo ndipo jambo fulani lilipovunjika katika nchi ile, ingawa magazeti yao hayakuliandika.

Tunu alichomwa sindano jikoni. Akalala. Alipoanza kurudi kuwa mwenyewe, aliomba wamjie tena wote, akakaa nao kwenye mkeka, mimi nikiwa nachekecha unga kando. Alizungumza polepole, akipumzika. Alimwambia Daktari kwamba dawa anaitaka, ila kwa kipimo kinachomwachia mikono, na kama ni sindano ya mwezi mmoja mmoja badala ya vidonge vya kila siku itakuwa afadhali, maana kila kidonge kilimkumbusha ugomvi. Daktari alifikiri, akasema inawezekana, lakini itabidi wajaribu na kurekebisha, na huenda ikachukua muda. Alimwambia Bi Mwaka wazungumze nyumbani sasa, wala si nyuma ya marobota. Alimwambia Mzee Kitwana awaambie wanawake jina lake halisi.

"Na mimi?" Makame aliuliza.

"Wewe ukae karibu," alisema Tunu. "Usiulize yule bwana kasema nini. Niulize nimelala vipi."

Baraza lilipokutana tena, mwamuzi aliuliza ni nani aliyeufungua mlango wa stoo, kwa maana huyo ndiye atakayepewa mgonjwa. Daktari Shekue alisema hajui. Nilimwona anavyopata tabu kulitamka neno hilo, mtu msomi kama yule. Bi Mwaka alisema hajui. Mzee Kitwana alisema hata yeye.

"Makame?"

"Alifungua mwenyewe," alisema Makame. "Ufunguo alikuwa nao yeye."

Ukumbi ulichafuka. Mwamuzi alisoma vifungu, akashauriana, akafuta miwani. Sheria haikuwa na jibu, kwa hiyo ilitoa adhabu. Tunu alitangazwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe, ambayo kwao ni fedheha kubwa kuliko zote, na mtu wa namna hiyo hutibiwa na yeyote apendaye, hata na watatu kwa pamoja. Makame, kwa kuita wengine katika mali yake, alinyang'anywa haki ya kumiliki, na seremala wa serikali akaja kung'oa kibao cha jina lake mlangoni. Majirani walitutazama kwa huruma. Wake za watu walimletea Tunu vyakula kama mfiwa.

Nisidanganye kwamba alipona. Sauti zipo. Kuna asubuhi alizoamka na uso umefungwa, akashinda amejifunika. Lakini sindano ile haikumtetemesha kama vidonge, na kabla sijaondoka alikuwa amemaliza kofia moja, yenye kosa dogo upande wa nyuma ambalo aliniambia hataki kulirekebisha.

Wala Makame hakuponywa wivu. Siku za Bi Mwaka alikuwa anatoka, anakaa kizingitini pale palipokuwa na kibao, mimi nikakaa naye. Siku moja Tunu alicheka ndani, kicheko kirefu, mpaka akaanza kukohoa. Makame alikunja vidole vyake.

"Amecheka," alisema.

"Nimesikia."

"Unajua ni nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Akaendelea kukaa. Nilidhani atainuka aende kusikiliza dirishani. Hakuinuka. Baada ya muda alinigeukia, macho yakiwa mekundu kidogo, akaniuliza bila ubaya wowote: "Na ndugu yako, dada. Nani humchekesha?"

 Nilijua dawa alizowahi kupewa Mbaruku na zilizokosekana, nilijua majina ya waliomkataa, nilijua kila kitu ambacho watu wengine wanacho na yeye hana. Hilo sikulijua. Nikaaga siku iliyofuata.

Nyumbani nilimkuta Mbaruku uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajibizana na mtu wake. Nilisubiri amalize. Nilimwambia kuna kliniki wilayani tutakwenda, na mganga wa pale nitamuuliza habari ya sindano, na nitamtafuta mtu wa kuzungumza naye hata kama ni mbali. Aliitikia kwa kichwa bila kusikia sana. Kisha nikamuuliza.

"Mbaruku, nani humu duniani anakuchekesha?"

Alifikiri. Aligeuka upande kama anayewauliza wale wengine, akarudi kwangu.

"Wewe," alisema. "Ukiwafukuza kuku kwa Kiingereza."